Misa za Shukrani

Harufu ndiyo iliyotangulia. Harufu ya kitambaa kinachoungua, ile inayomtoa fundi mbio hata akiwa msalani, ilijaa chumba cha kushonea asubuhi kweupe, na pasi ya mkaa ilikuwa juu ya rafu, baridi, haijatiwa moto tangu jana.

Fundi aliyeitwa Mkasi, kwa sababu ya kazi yake na zaidi kwa sababu ya ulimi wake, aliacha cherehani akanusa kila kona. Hakuona kitu. Mwishowe akainua kanzu za kwaya alizokuwa amemaliza kuzishona, nyeupe pe, zinasubiri Jumapili. Kwenye mojawapo, kifuani, palikuwa na alama ya mkono. Haikuwa ya uchafu. Kitambaa kilikuwa kimeungua, kimegeuka kahawia, vidole vimetanuka kama vya mtu aliyejiegemeza ukutani asianguke, na kidole cha shahada hakikuwa na ncha.

Mkono ule aliujua. Ncha ya kidole kile ilikwenda na mkasi wa kukatia suti, na aliyekifunga kidonda alikuwa yeye mwenyewe, mke. Mwenye mkono, mumewe na fundi mwenzake, alizikwa masika yaliyopita.

"Kumbe umefika," alinong'ona. Hofu ilimshika barabara. Lakini ndani ya hofu ile mlikuwa na kitu kingine, kitamu, ambacho mjane hatakiwi kuwa nacho.

Marehemu mbele ya wateja alikuwa asali. Mlango ukifungwa, shubiri. Siku binti yao, angali mtoto wa shule, alipounguza koti la mteja, baba aliichukua pasi ileile, akaukandamiza mkono wa mtoto mezani, akasema, "Na wewe ujue kitambaa kinavyosikia." Vidole viwili viligandana moja kwa moja. Mkasi alikuwa uani siku hiyo, alikuja mbio kwa kelele za mtoto, akachelewa. Hilo hakuwahi kumsamehe mumewe, wala hakuwahi kujisamehe.

Halafu mtu huyohuyo akafa kitandani kwake, ameungama, amepakwa mafuta, rozari mkononi. Waombolezaji wakasema amekufa vizuri.

"Atapita toharani, dada," katekista alimfariji pale msibani. "Atasafishwa, kisha ataingia kwa Bwana. Sisi tuliobaki tumsaidie kwa sala na misa."

Kumsaidia! Tangu siku hiyo Mkasi hakukosa kumwendea katekista kila mwezi kuomba misa, na majirani wakamsifu kwamba huyo ndiye mke. Katekista peke yake ndiye aliyeshangaa kidogo, kwa kuwa mjane hakuomba misa ya marehemu hata mara moja.

"Misa ya shukrani," alikuwa akisema.

"Shukrani ya nini, dada?"

"Mungu anajua."

Na kweli Mungu alijua. Mkasi alikuwa akishukuru kwamba mumewe amekufa. Sala ya kumwombea hakuisema hata kimoyomoyo; wenzake wa jumuiya walipomtaja marehemu, yeye alichezesha midomo tu, kama anayetafuna. Kama moto upo, aliwaza, basi na uwake.

Baada ya ile kanzu, alama zikaenea. Mkono ukaonekana kwenye pazia, kwenye kitambaa cha meza, kwenye ubao wa mlango kwa ndani. Mchana, Mkasi akiwa ameinama kazini, alisikia nyayo za mtu anayetembea peku juu ya kitu cha moto, anakanyaga na kunyanyua, anakanyaga na kunyanyua. Mwanamke mwingine angehama nyumba. Yeye alizoea, hata akaanza kumsimanga.

"Kuna joto eeh? Vumilia. Si ulisema mwenyewe mtu ajue kitambaa kinavyosikia?"

Nyayo zilisimama. Kitu kikapumua karibu na sikio lake, pumzi kavu ya tanuri, na Mkasi alicheka.

Kicheko kilimwisha Jumapili ile alipopita kwa binti yake akitoka misa ya shukrani. Binti alikuwa jikoni, mkono ameutumbukiza kwenye ndoo ya maji, uso umempauka.

"Mama, kovu limeamka."

Ngozi ya zamani ilikuwa mbichi, nyekundu, ina malengelenge, kama vile pasi imeondolewa sasa hivi. Mkasi alipiga magoti, akautoa mkono ule majini taratibu, na hapo harufu ya nguo inayoungua ikaingia jikoni, na dirisha likafunga ukungu ingawa jua lilikuwa kali, na maji ndooni yakaanza kutoa mvuke, na nyuma ya bega la binti, mahali palipokuwa patupu, ukuta ukaanza kubadilika rangi kidogo kidogo, kwanza kiganja, kisha kidole, kisha kingine, mpaka mkono mzima ukatokea, na rangi ya ukuta ikachuruzika chini yake.

"Yuko hapa," binti alisema. "Ananiomba kitu, Mama. Sikielewi."

Wakamwita katekista. Alikuja na maji ya baraka, akanyunyiza, yakachemka kabla ya kugusa sakafu. Mzee wa watu akakaa kwenye kigoda, akajifuta jasho.

"Huyu hafukuzwi," alisema polepole. "Roho ya toharani si jini. Haiji kudhuru, inakuja kuomba. Inamshika yeyote inayemfikia, hata kama mshiko wenyewe unaunguza. Nani hajamwombea?"

Macho yake yakamgeukia Mkasi.

"Dada yangu, zile misa..."

Mkasi akasema yote, kichwa juu, bila kutafuta huruma ya mtu. Katekista alijishika mdomo. Binti hakulia.

"Mimi nilimsamehe siku ya maziko," alisema. "Si kwa ajili yake. Nilitaka niache kumuota. Na kila siku ya misa yako mkono huu unawaka, nikidhani ni baridi, nikidhani ni uzee unaniwahi. Mama, anayeniunguza si Baba."

Maneno hayo yalimchoma Mkasi kuliko pasi. Akanyanyuka.

"Umwombee raha ya milele," katekista alisihi. "Neno moja tu. Lakini litoke moyoni. La mdomoni hawalipokei kule."

Alirudi kwake peke yake, kwenye chumba cha kushonea, akafunga mlango. Akasimama katikati ya alama zile zote, akafumbua kinywa. "Ee Bwana, umpe raha..." Akakwama. Alijaribu tena. Alijitafuta ndani, akaingia kila chumba cha moyo wake, na kila alipoingia alimkuta mtoto wa shule akipiga kelele. Neno halikuwemo. Lingekuwemo, angelitoa, kwa ajili ya binti angetoa hata macho.

"Sina," alimwambia mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu kifo chake alilia. "Nimetafuta, sina. Basi sikiliza. Misa zile nimeacha. Mwachie mtoto. Hajakukosea kitu, na msamaha wake ameshakupa. Ukitaka pa kushika, nishike mimi. Lakini siku ya kukuombea hutaiona nikiwa hai, nakwambia ukweli, na tukikutana huko tutaungua wote."

Nyayo zikamjia, zikakanyaga na kunyanyua, zikasimama nyuma yake. Nyumbani kwa binti, saa hiyohiyo, maji ya ndoo yalipoa, na vidole vile viwili vilivyogandana vikatulia, ngozi kavu, bila maumivu. Binti alimkumbatia katekista akisema, "Amemsamehe! Mama amemsamehe!" wakapiga magoti kushukuru.

Mkasi hakuwasahihisha kamwe. Alivuta kiti, akatunga uzi kwenye sindano, akaendelea na kanzu za kwaya, meno ameyauma, huku mkono usio na ncha ya kidole ukimtua begani, na kitambaa cha blauzi yake kikianza kutoa moshi.