Ree na Tisa Mbele ya Jini

Jacob aligawa karata kwa watu wanne: yeye mwenyewe, Primus, Filemon, na Shedrack, mdogo wake Filemon. Alipomaliza, mafungu yalikuwa matano. Akazikusanya, akagawa upya huku akihesabu kwa sauti. Matano tena.

"Umelewa mchana kweupe, wewe," Primus akamtania.

Ilikuwa saa tisa alasiri, masika yamekolea, ukungu umefunika Marangu yote. Mlimani hakuna wageni, na wapagazi hawa hawakuwa na kazi ila kucheza poka waliyofundishwa na Wazungu kambini: kila mtu karata mbili mkononi, na tano za wote mezani. Walichezea punje za buni, ndani ya banda la kukobolea kahawa. Ghafla banda likajaa harufu ya kwato zilizoungua, na kwenye kigoda cha tano akawa ameketi mtu mrefu, macho hayana kope, mbele yake lundo la buni.

Jacob alikurupuka kuukimbilia mlango. Jini wala halikuinuka. Lilinyoosha mkono, mkono ukarefuka mpaka mlangoni, likamshika taya, likaling'oa. Jamani! Jacob alianguka akikoroma damu, miguu ikapiga sakafu, kisha ikatulia.

"Mkinishinda raundi moja tu, mnatoka wote," likasema. "La sivyo, atatoka yule atakayebakiwa na punje mwisho. Wengine ni wangu."

Wakacheza, nalo halikushindwa hata mara moja. Primus akabakiwa na punje tatu, Shedrack nne, Filemon kumi na moja.

Ndipo Filemon akapata ree ya shupaza na tisa ya kopa. Karata za hivi hivi: si mbovu za kutupa, si nzuri za kufia. Primus alikuwa ameshasukuma punje zake zote mezani. Zamu ya kuweka dau la lazima ilimwangukia Shedrack, punje zake nne zikaenda. Jini likaweka kumi na moja, sawasawa na alizobakiwa nazo Filemon.

Akapiga hesabu. Akiingia akashindwa, anakufa. Akizitupa karata, hawa wawili wenye punje kiduchu watabaki na jini peke yao, watakwisha, naye atakuwa wa mwisho, atashuka nyumbani mzima, na hesabu hiyo, ambayo siku nyingine angejisifia mbele ya wenzake, sasa aliionea aibu kwa sababu mmoja wa hao wawili alinyonya ziwa lile lile alilonyonya yeye.

Shedrack alichomoa jani la sale lililopenya kati ya mbao, akampa kaka yake kwa mikono miwili. Mchagga hakatai sale. Hata aliyekuulia baba akija nalo, unamsamehe.

"Kaka, ingia na mimi," akanong'ona. "Tukiwa watatu huenda mmoja wetu akalishinda. Nakuomba kwa sale, kaka."

Filemon akalipokea jani. Kisha akazitupa karata zake kifudifudi.

"Nisamehe, mdogo wangu."

Jini likafunua zile karata tano za mezani moja moja: ree, sita, tisa, mbili, tano. Lenyewe lilikuwa na wafalme wawili. Shedrack na Primus hawakuwa na kitu. Filemon alizitazama ree na tisa pale mezani, akaelewa kwamba angeingia, jozi zake mbili zingewashinda wale wafalme, wangetoka wote.

Primus lilimpasua kifua kwa kucha. Shedrack lilimshika shingo, likaisokota polepole, polepole, huku yeye akimtazama kaka yake na kuita "kaka, kaka," mpaka mfupa ukalia na sauti ikakatika, ila midomo iliendelea kuita.

Filemon alikimbia migombani, hakusimama mpaka uani kwao. Mama yao, Eunike, alikuwa anamenya ndizi.

"Mbona uko peke yako? Mdogo wako yuko wapi?"

Filemon alifumbua mdomo amwambie. Sauti iliyotoka kooni mwake haikuwa yake.

"Niko hapa, mama," ikasema sauti ya Shedrack. "Kaka ndiye hayupo."

Eunike akadondosha kisu.