Lenzi Iliyomvuta Solange

Lenzi ilinuka sombe mbichi. Kioo na chuma, lakini sombe, kama majani ya muhogo yametoka kinuni sasa hivi. Katsuva akainusa tena, akajifanya anaifuta vumbi. Mwanaume mzima, na ndevu zote zile, anaogopa kuuliza!

“Twaa hii fupi,” alisema David, muuza kamera za mitumba. “Weye unapigaka picha za mutoto na maua, ya kujifurahisha tu. Hii ndefu ya kuvuta, askari akiiona atasema ni bunduki.”

“Inavuta mpaka wapi?”

“Mpaka kilima kile. Angalia pete hii ya lenzi, ndiyo inaonyesha mutu wazi: akiwa karibu, unazungusha kwenye mita. Akiwa mbali kabisa, unapeleka mwisho, kwenye hii nane yenye kulala.”

Katsuva akachagua ndefu. Mcheke ukitaka, ila ujue: siku risasi zilipoingia Bunia, mkewe Solange aliacha sombe kinuni na binti yao Élise mlangoni, akapotelea njia ya Komanda.

Mchana ule, uani kwake, mtaa wa Lumumba, akaelekeza lenzi barabarani, pete mwisho. Solange alikuwa amesimama kule, amejifunga kikwembe chake cha kijani. Katsuva akashusha kamera: barabara tupu. Akafunga lenzi yake fupi ya zamani: barabara tupu.

Kesho yake Solange alikuwa kwenye uzio wa jirani. Siku iliyofuata, mlangoni. Hakutembea, hakupepesa. Na pete, bwana, pete ilibaki mwisho. Akiileta kwenye mita tu, Solange anafutika.

“Kaka, vunja hiyo kitu,” David alinong'ona alipokuja kuona. “Mutu mwenye kuwa mulangoni, pete haiwezi kuwa mwisho. Hiyo ni jini. Imevaa sura ya ule unamulilia.”

“Nikivunja, nitamuona wapi tena?”

“Uko na mutoto, kaka!”

Hilo likamchoma. Katsuva akaweka kamera chini, akainua jiwe.

“Papa, usivunje,” Élise akasema. “Mama amenishika mukono.”

Jiwe likamdondoka, na harufu ya sombe ikajaa ua mzima hadi David akaziba pua, na Katsuva, ambaye kwa macho yake alimwona binti yake peke yake, pale pale mbele yake, mkono mmoja juu kama mtoto anayevushwa barabara, akaokota kamera, akamwomba Mungu, akaizungusha pete kwenye mita tatu, mahali ambapo Élise alipaswa kuonekana wazi hadi nyusi.

Ukungu mtupu.

Akaipeleka mwisho, kwenye nane iliyolala. Mama na binti wakatokea pamoja, wazi kabisa.

“Élise,” aliita, “kuja kwa papa.”

Midomo ya mtoto ikacheza mbele yake.

“Papa, uko wapi?”

Sauti ilitoka mbali sana, upande wa Komanda.