Kitabu Kilichorudi na Chumvi

Asubuhi hiyo Mwalimu Marcelline alikuta kitabu kwenye meza ya darasa, kimelowa na kunuka chumvi. Munigi, nje kidogo ya Goma, haikuwa imepata mvua kwa wiki mbili, na ziwa la hapo halina chumvi.

"Madame, kitabu kimetoka jasho!" Benny akatania. Darasa likacheka.

Marcelline hakucheka. Kitabu alikijua. Kilieleza historia ya kijiji kidogo cha wavuvi, pwani ya kaskazini ya Ufaransa, ambako kila Novemba padri alisoma kanisani majina ya waliomezwa na bahari. Wazee wa kule walisema asiyesomwa jina hurudi na kulowesha benchi lake.

Alikifundisha katika shule ya Kibati, kabla hawajakimbilia Munigi, hadi siku mabomu yalipoanza kulia. Wanafunzi walikuwa wameshapanda lori la askari alipokumbuka kuwa amekiacha darasani.

"Emerance, uko na mbio," akamwambia mmoja wao. "Kimbia uniletee kitabu."

Mtoto akaenda. Askari akafoka, "Wote wako?"

"Wote wako," Marcelline akajibu, kwa hofu tu. Lori likaondoka.

Sasa mama yake Emerance, Nyirakamana, aliuza makala, mkaa wa kupikia, nje ya shule. Aliambiwa mtoto alipotelea katika umati wa watu waliokimbia. Kila asubuhi aliuliza, "Madame, hakuna habari ya mutoto?"

"Hakuna, mama."

Siku ya pili benchi la nyuma lililowa. Siku ya tatu zilionekana nyayo ndogo za maji, kutoka mlangoni hadi kwenye benchi lile, na hakuna mtoto aliyetaka kuketi karibu nalo, kwa maana walisema wanasikia mtu akihema pale, akihema kama aliyekimbia mbali sana na bado hajafika.

Mama Kahambu wa kikundi cha maombi alileta maji ya baraka. Aliyanyunyiza, akanusa, akarudi nyuma.

"Madame," akanong'ona, "maji yangu haitoshi. Kuna jina hujasoma."

Kesho yake Marcelline alimwita Nyirakamana mlangoni, na Mama Kahambu akaja pia. Mbele ya watoto wote akasema yale aliyoyaficha: nani alimtuma Emerance, na nani alisema wote wapo. Kisha akafungua daftari la majina.

"Emerance."

Kutoka benchi la nyuma ikaitika sauti yenye maji kooni:

"Présente, Madame. Nimekileta."

Kikapu cha makala kilianguka. Harufu ya chumvi ikapotea, na kurasa za kitabu zikakauka mbele ya macho yao.

"Roho imekwenda," Mama Kahambu akasema, akifanya ishara ya msalaba. "Tushukuru Mungu."

Nyirakamana hakulia, wala hakumtukana mtu. Alipita katikati ya watoto, akaketi kwenye lile benchi, akalipapasa kwa viganja vyeusi vya makala.

"Soma tena," akasema.

"Mama, nisamehe..."

"Soma."

Mpaka leo huja kila asubuhi kabla ya kufungua biashara yake. Huketi pale. Marcelline husoma jina, na benchi hulowa.