Mistari Isiyotaka Kuwa Myeupe

Mama Pacha alikuwa amepiga magoti kwenye ukumbi wa kuingilia wa jengo la ofisi, kama kila asubuhi. Watu walimpita na viatu vyao, ko, ko, ko. Hakuna aliyemwona. Fagio likisimama kona, nani hulisalimu?

Kazi yake ilikuwa vigae. Vigae vyenyewe havikuwa na neno. Ukivipitishia tambara, vinang'aa. Taabu ilikuwa mistari, ile simenti nyembamba iliyojazwa kati ya kigae na kigae. Ilikuwa myeusi tii.

Msimamizi akaja, funguo zikilia kiunoni.

“Mama Pacha, hii ni sakafu au jiko la mkaa?”

“Nasugua, bosi. Tangu alfajiri nasugua.”

“Unapapasa. Ijumaa naitaka mistari myeupe. La sivyo, wako wengi getini wanaolitaka hilo tambara.”

Alisema kweli, walikuwepo. Na nyumbani mumewe alikuwa kitandani, mgongo umeteguka. Yeye na wale pacha, wote walikula kwa mikono ya mama.

Mama mkwe wake alizoea kusema kwamba dawa isiyouma haiponyi. Basi Mama Pacha aliamini kwamba hata uchafu huogopa kinachouma. Akachukua stoo asidi ya chooni, akaimwaga mistarini. Ikatoa povu, ikawa myeupe. Baada ya siku mbili ikawa myeusi kuliko mwanzo. Akaongeza. Alhamisi akaichanganya na dawa ya kufulia nguo nyeupe. Hewa kali ikamkaba koo, akatoka nje akitambaa. Aliporudi, simenti ilikuwa inamomonyoka kama biskuti kwenye chai. Kigae kimoja cha mlangoni kilicheza kama jino bovu.

Jioni ile, jirani yao fundi wa vigae, rafiki wa mumewe, alimkuta ameketi kizingitini na sare yake, anakohoa.

“Shemeji, mbona umekaa kama mfiwa?”

“Heri mfiwa, huletewa pole. Kesho sina kazi mimi.”

Akamsimulia yote. Fundi akashika kichwa.

“Umechanganya zile dawa mbili? Mama wee! Hewa yake ni sumu, inaua. Ungewaachia pacha sakafu safi na kaburi. Kesho hiyo hiyo nenda ukapimwe kifua.” Kisha akaketi. “Kitendawili.”

“Shemeji, sina hata nguvu…”

“Kitendawili!”

“Haya, tega.”

“Nanywa kutwa, sina mdomo.”

“Mlevi huyo.”

“Mlevi ana mdomo, tena mkubwa! Ni mistari yako. Simenti ile ina vitundu usivyoviona, na imekaa chini kidogo ya vigae. Ukipiga deki kwa maji machafu, maji hukimbilia humo, nayo inakunywa. Asidi huila, vitundu vikawa mashimo. Kesho inakunywa zaidi.”

“Kwa hiyo nimekuwa nikiinywesha uchafu?”

“Na kuipanua koo.”

“Sasa itakuwaje nyeupe?”

“Shemeji, vigae vya ukumbi ule nilivipanga mimi. Simenti yake ilikuwa ya kijivu. Haijawahi kuwa nyeupe hata siku moja.”

Mama Pacha alivitazama viganja vyake vilivyobabuka. Alitaka kucheka, kikatoka kikohozi. Ndipo akalia.

Ijumaa alfajiri walikwenda wote wawili. Walianza na kona moja, wakafagia mchanga kwanza. Wakapaka maji ya vuguvugu yenye sabuni ya kawaida, wakayaacha kama dakika kumi yalegeze uchafu. Wakasugua kwa brashi ya nailoni, maana ya waya huikwangua simenti. Kisha wakafanya jambo ambalo Mama Pacha hakuwahi kulifanya: wakayafyonza maji machafu kwa tambara kabla hayajanywewa tena, wakasuuza kwa maji safi ya ndoo nyingine, wakakausha.

Msimamizi akafika. “Hii si nyeupe.”

“Haijawahi kuwa nyeupe, bosi. Ni ya kijivu. Na pale mlangoni nimeiunguza mimi kwa asidi.”

Msimamizi alikikanyaga kigae. Kikacheza. Akaitazama kona iliyosafishwa, hata Mama Pacha akaanza kukunja tambara lake aondoke.

“Pale sabuni haisaidii,” fundi akasema. “Simenti iliyoliwa ikwanguliwe, ijazwe nyingine. Ikikauka kabisa, ipakwe dawa ya kuzuia maji, isinywe tena.”

“Fanyeni,” msimamizi akasema. “Na asidi itoke stoo kwangu. Likunjue hilo tambara, mama.”

Basi kazi ikabaki. Mistari ikakaa kijivu, safi, kwa fagio na maji safi ya kila siku. Lakini alipokwenda kupimwa, daktari alisema kifua huenda kisirudi kilivyokuwa. Ngazi ambazo zamani alizipanda akiimba, sasa alizipanda akipumzika.

Siku moja mfanyakazi mpya alikuja na chupa yake ya asidi kutoka nyumbani.

“Dada, nimwage hii? Inang'arisha upesi.”

Mama Pacha alishika ukuta mpaka pumzi ikarudi.

“Simenti hujazwa upya, mdogo wangu,” akasema. “Kifua hakijazwi.”