Neno Lililokatwa Kwenye Zulia Jekundu

Nilisema "Mungu akubariki."

Nilisema, tena kwa mdomo wangu huu wenye meno ya kuhesabika... na nchi nzima haikunisikia!

Wajukuu zangu wa mtandaoni, mmenitukana mpaka vidole vimewauma. Mmeniita Bibi Jicho. Kuna mmoja kanichora nina pembe, na kusema kweli pembe zenyewe zilinipendeza. Sasa nipeni na mimi zamu.

Mimi ndiye Doña Eduvigis wa hapa Santo Domingo, yule mzee wa kwenye laivu anayekaa pembeni ya zulia jekundu akichambua mavazi ya mastaa. Shule niliishia ya msingi, lakini gauni nalisoma kuanzia shingo mpaka pindo. Na mastaa wenyewe wananitafuta niwachambe. Usiponichekesha mimi, kesho yake hakuna anayekuzungumzia.

Pembeni yangu hukaa Wilkin, kijana mtanashati, ananukia mpaka mbu wanahama. Yeye ndiye anashika mashine ya sauti.

Hilo la mashine mliweke akilini.

Jioni ile ilikuwa hafla ya kuchangia watoto wagonjwa wa moyo. Kabla hatujaanza, Wilkin akaniinamia sikioni. Akaniomba nimsifu mtu mmoja tu, yule mwimbaji Deyanira. Mimba yake imekua, akasema, tusimpandishe presha.

Nikamwona kijana ana utu. Mjinga mimi.

Deyanira akashuka garini na gauni la njano, mabega yamefutuka, mkia mrefu unazoa takataka za barabarani. Nilikuwa na la kusema, wanangu... nikalimeza kama kidonge kichungu. Alipofika mbele ya meza yetu, karibu kabisa, ningeweza kumvuta hereni, nikasema kwenye maiki kwamba amependeza, na kwamba sijaona tumbo zuri kama lile.

Halafu nikamalizia kama tunavyomalizia sote: Mungu akubariki.

Kwetu huwezi kumsifu mtoto, wala tumbo lenye mtoto, ukaishia hapo. Sifa isiyo na baraka ni jicho. Linamwingia mtoto, anakataa titi, analia mpaka anakauka. Hata mlevi wa kilabuni, hawezi kutaja jina lake, baraka haisahau.

Lakini nilipofungua mdomo kubariki, nikasikia kitu mezani.

Tk.

Nikadhani Wilkin anataka kukohoa. Kamera nayo ilishashuka kwenye pindo la gauni, mdomo wangu hauonekani. Wapiga picha walikuwa wanapiga kelele kama soko la samaki.

Deyanira akasonga mbele. Kufika mlangoni akayumba... akashika ukingo... akalegea mikononi mwa walinzi.

Wilkin akaigeukia kamera, akashika kifua, akaniuliza polepole:

"Doña... mbona hukumbariki?"

Nikasema nimembariki. Akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu anayemwonea huruma bibi yake aliyeanza kusahau. Akairudisha ile video palepale, laivu. Sifa zangu zote zinasikika, safi kabisa. Baada ya hapo, kimya.

Asubuhi nikaenda dukani kununua soseji ya salami. Mke wa mwenye duka aliponiona akamfunika mwanawe taulo, uso na miguu. Nikapita kwa jirani yangu Mélida, ambaye nimezika naye waume zetu wote. Akanipa kahawa, akacheka, akauliza habari za magoti yangu. Lakini nyuma ya mlango wake niliona fagio limesimamishwa kichwa chini.

Hilo fagio kwetu ni la kumwondoa mgeni asiyetakiwa. Kahawa niliinywa ikiwa bado ya moto.

Yote hayo ningeyacheka. Lakini adhuhuri akanipigia mpwa wangu Arelis, mtoto wa marehemu mdogo wangu. Kajifungua kichanga chake cha kwanza, na mimi ndiye niliyechaguliwa kukibeba kwa padri, niwe mama yake wa ubatizo. Nilishashona kofia yake. Arelis alizunguka, akazungumzia jua, akazungumzia maziwa.

"Mamkubwa... tuahirishe kidogo."

"Tunaahirisha ubatizo?"

"Hapana, Mamkubwa. Ubatizo uko Jumapili ileile."

Nikaelewa. Kilichoahirishwa ni mimi.

Nikakaa kitandani na ile kofia mapajani. Kiti cha laivu, wachukue. Lakini nife bila kukibeba kile kichanga, kwa jicho ambalo sikulitupa? Nikachukua simu, nikaiangalia ile video tena na tena, mpaka macho yakawasha.

Ndipo nikamwona Deyanira.

Sitazami gauni sasa. Natazama mkono.

Mwanamke wa kwetu mwenye mimba akisikia sifa halafu asisikie baraka, mkono wake unaruka tumboni kabla akili haijafika. Nilifanya hivyo kwa mimba zangu zote. Mama yangu alifanya. Huyu Deyanira kasikia sifa, kanyamaziwa mbele ya nchi nzima, na mkono wake ukaenda... kwenye nywele. Akazirudisha nyuma. Akatabasamu.

Haya, niambieni, mwanamke anatabasamu kwa sababu gani hapo?

Sikumwambia mtu. Ningesema, nani angemwamini Bibi Jicho?

Wilkin mwenyewe ndiye akanipigia. Akasema Deyanira yuko kliniki, dawa ya jicho inajulikana, aliyelitupa lazima aje aliguse tumbo. Nije niombe msamaha, tutaonyesha laivu, watu wamesamehe makubwa zaidi. Na kwa upole mwingi akagusia kwamba baada ya hapo nipumzike, kiti atakikalia yeye.

"Nakuja, mwanangu," nikamwambia. "Nivae viatu tu."

Chumba cha kliniki kilijaa maua. Deyanira kalala, kapaka wanja. Mama yake kasimama kichwani ameshika rozari, ananitazama kama nimekuja na panga. Huyo mama hakuwa anaigiza, maskini. Wilkin kasimama miguuni na simu yake, laivu imewaka, watu wanamiminika.

Akaniashiria nianze kuomba msamaha.

Nikavuta kiti. Nikaiweka pochi chini. Nikamtazama Deyanira kwa upendo kabisa.

"Mwanangu, umependeza. Ngozi inang'aa. Na hilo tumbo... nimezaa, nimezalisha majirani, sijaona tumbo zuri kama hilo."

Halafu nikafunga mdomo.

Nikatoa leso. Nikafuta miwani.

Mama yake akaacha kuhesabu rozari. Nikasikia feni. Deyanira akasubiri. Akanitazama mdomoni. Mkono wake ukaruka tumboni, wanangu, uliruka kama umeungua.

"Malizia," akasema.

"Nimalizie nini?"

"Doña, usinitanie. Lile neno."

Nikaivaa miwani yangu taratibu. "Mimi mzee, nasahau. Si ndivyo mlivyowaambia watu?"

Akaanza kulia, machozi ya kweli, wanja ukashuka. Akainuka kitandani akanishika mkono kwa nguvu.

"Jana ulilisema! Nilikusikia kwa masikio yangu, ulilisema palepale! Lile lilikuwa la kiki tu, Wilkin ndiye alikata sauti... lakini ulilitamka, mtoto wangu alikuwa na baraka! Nipe, Doña, nakuomba!"

Wilkin alikuwa anapapasa simu kama inamuunguza. Kitufe cha kukata sauti yangu alikijua vizuri. Cha kuzima laivu yake mwenyewe hakukipata, mpaka nchi ikawa imesikia yote.

Mama mtu akaweka rozari kando. Akavua kandambili.

Sikungoja kuona ilipotua. Niliweka viganja vyangu juu ya lile tumbo, maana aliyemo humo hajapanga kiki na mtu, nikasema kwa sauti ya kufika barabarani: Mungu akubariki, na akulinde na wakubwa zako.

Jumapili nilikibeba kichanga cha Arelis. Kofia ilimtosha. Mélida alikaa kiti cha nyuma yangu, na fagio lake, nimepita kukagua, limesimama sawasawa.

Kwa hiyo wajukuu zangu, baraka msiifanyie mchezo wa kutafutia umaarufu. Siku utakapoitaka kweli, utaiomba kwa machozi mbele za watu. Na ukimbariki mtu, hakikisha nani ameshika mashine ya sauti.

Ah, na lile gauni la njano, kwa kuwa sasa niko huru...

Lilikuwa kama omleti iliyokaliwa na punda.

Mungu na alibariki.