Vidole vya Shemeji na Bima ya Mwajiri

Watu walimwita Mama Dobi. Alikuwa na chumba kikubwa cha kufulia nguo, na wafanyakazi wanne, mmoja wao mama wa kibarua. Mashine aliyoipenda kuliko zote ni ile ya kunyooshea mashuka. Shuka liliingia kati ya rola mbili za moto likiwa limekunjamana, likatoka limenyooka. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyeiendesha.

Siku moja shuka lilinasa. Shemeji akalivuta bila kuzima mashine. Kinga ya mbele ilikuwa imelegea kwa wiki nzima, na Mama Dobi alikuwa akisema, “Kesho nitaita fundi.” Mkono ukapita. Vidole vitatu viliungua vibaya.

Shemeji alikaa nyumbani wiki sita bila kazi. Ili kulipia matibabu, Mama Dobi aliuza mashine moja ya kufulia. Jambo moja lilimkera: alikuwa na bima, lakini kampuni ilikataa kulipa. Kwa nini?

Akachukua karatasi zake, akaenda kwa jirani, mzee mstaafu wa ofisi ya bima. Mzee alivaa miwani, akasoma.

“Mwanangu, hii ni bima ya moto. Chumba kikiungua, wanalipa. Vidole si chumba.”

“Kumbe kuna nyingine?”

“Ipo. Bima ya dhima ya mwajiri.”

“Dhima ndiyo nini?”

“Ni wajibu unaokubana. Ukimwajiri mtu, usalama wake kazini uko juu yako. Akiumia kwa uzembe wako, tuseme kinga imelegea, ana haki ya kukudai fidia. Bima hiyo hukusaidia kulipa matibabu, mshahara aliokosa, hata gharama za kesi.”

Mama Dobi akainama. Neno “kinga” lilimchoma.

“Shemeji hajanidai kitu,” alisema.

“Anakuonea haya. Ndugu huumia kimya kimya.”

“Nikikata bima leo, watalipia vidole vyake?”

“Hapana. Ajali iliyokwisha kutokea haimo.”

“Na yule mama wa kibarua, anayekuja siku mbili tu kwa wiki?”

“Mtaje. Ukificha watu au mashine, wanaweza kukataa kulipa. Uliza pia ofisi ya kazi sheria inasemaje. Kuna mahali bima hii ni lazima.”

“Basi nikishakata, nisihangaike tena na kinga?”

Mzee akacheka. “Bima haioteshi vidole, mwanangu.”

Kutoka hapo Mama Dobi alikwenda moja kwa moja kwa shemeji. Alimkuta mlangoni, mkono umefungwa bandeji.

“Shemeji, kinga ile ilikuwa kazi yangu. Nisamehe. Mshahara wako wa wiki hizi ni haki yako, nitaulipa.”

Shemeji alitazama chini. “Nilikuwa nawaza nitaanzaje kukuambia.”

“Umeshaniambia. Sasa nipishe niketi.”

Wiki hiyo hiyo fundi aliikaza kinga. Mama Dobi alikata bima, akaandikisha wafanyakazi wote wanne. Akanunua pia daftari la kuandika kila ajali, hata ndogo.

Miezi mitano baadaye, bomba lilipasuka asubuhi. Kabla sakafu haijakaushwa, mama wa kibarua aliteleza, akavunjika kifundo cha mkono. Mama Dobi alimpeleka hospitali, akaandika yote daftarini, na siku hiyo hiyo akaitaarifu kampuni ya bima. Mkaguzi alikuja, akatazama bomba, akauliza maswali mengi. Mama Dobi alijibu kweli tupu. Matibabu yalilipwa, na mshahara wa siku alizokosa pia. Safari hii hakuna mashine iliyouzwa.

Mkono ulipopona, mama wa kibarua alirudi kazini. Alisimama kando ya meza ya kukunjia nguo, jambo likimtatiza.

“Mama, mimi ni wa siku mbili tu kwa wiki. Hao watu wa bima walinijuaje?”

“Nilikutaja,” alisema Mama Dobi, akampa ncha ya shuka wakunje pamoja.