Mume Mwenzangu wa Kwenye Kopo

Jioni ile nilitumwa kurudisha mkono.

Usinikatize. Nimesema mkono, na mkono ndio nilioubeba. Mifupa mitupu, ishirini na saba kwa hesabu, ndani ya kopo la bati lililowahi kuwa la biskuti. Jua linazama, watu wanaanua nguo, na mimi mtu mzima na ndevu zangu nakatiza mitaa nimekumbatia kopo linalogonga kama lina njugu. Kocho... kocho... kocho.

Mifupa hainitishi. Nitishwe na mifupa, mimi? Nimekaa bucha miaka ishirini na miwili. Mtaa mzima unaniita Shoka. Ng'ombe mzima namtenganisha kabla chai yako haijapoa, na siku moja niligawa fahali nikiwa nimefumba macho, kwa ubishi tu. Ng'ombe mwenyewe angekuwa hai angenipigia makofi. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kwa habari ya nyama na mifupa hapakuwa na mtu wa kunifundisha kitu.

Mpaka mke wangu aliporudi shule.

Watoto wetu wote wameshaondoka nyumbani. Siku moja akaniambia, "Baba watoto, nimechoka kukaa. Nakwenda kusomea uuguzi." Miaka arobaini na mbili! Nikacheka, nikamwambia nenda. Somo la kwanza walilopewa lilikuwa mwili wa binadamu, ulivyojengeka na unavyofanya kazi. Wiki ya tatu tu akapita bucha, akanikuta napasua mguu wa mbele wa mbuzi.

"Hapo unakata nini?"

"Goti," nikasema. Ningesema nini kingine?

Akacheka, tena mbele ya wateja. "Hilo si goti, baba watoto. Hicho ni kifundo chake cha mkono. Mbuzi angekuwa na saa, angeivaa hapo."

Watu walicheka mpaka wakashika mizani. Mimi nikameza. Hilo nililimeza.

Nilichoshindwa kukimeza ni Mpole.

Chuo chao huwaazima wanafunzi mifupa ya mtu, mtu wa kweli aliyekufa zamani, wakajisomee nyumbani. Wengine walipata mguu, wengine fuvu. Yeye akapata mkono wa kulia. Wanafunzi wa miaka ya nyuma walikuwa wameshaupa jina, wameliandika kwenye kifuniko cha kopo kwa wino mzito: MPOLE. Na mtihani wao ni wa ajabu. Mwalimu anatia mifupa kwenye mfuko wa kitambaa, unaingiza mkono, unapapasa, unataja jina bila kuona. Kwa hiyo kila jioni, vyombo vikishaoshwa, mke wangu alikaa mezani, akafumba macho, akamshika Mpole.

"Mtumbwi..." ananong'ona. "Mwezi mwandamo... Pembetatu..."

Ndivyo walivyoiita ile mifupa midogo minane ya kifundo, kwa maumbo yake. Mdogo kuliko yote, wa upande wa kidole cha mwisho, wanauita njegere. Huo aliupenda. Aliuviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, huku anatabasamu na macho yamefumbwa.

Mimi hajanishika hivyo tangu kitinda mimba wetu aache kunyonya.

"Hata mimi ninayo njegere," nilimwambia siku moja, nikamnyooshea mkono.

Akaubonyeza kidogo, akaurudisha kama mtu anayerudisha nyanya sokoni. "Wako umefunikwa na minofu, siupati. Mpole yuko wazi."

Mpole yuko wazi! Nimeona wanaume wakiwaonea wivu mafundi cherehani, madereva, hata daktari wa meno. Wa kwanza duniani kumwonea wivu mtu asiye na nyama ni mimi, na sijivunii. Basi, najivunia kidogo.

Siku tatu kabla ya mtihani nikafanya nilichofanya. Yeye kaenda kisimani, mimi nikafungua kopo. Nikatoa njegere. Mahali pake nikaweka kifupa kutoka kile kile kifundo cha mbuzi alichonichekea, nimekipiga tupa, nikakisugua kwa jivu mpaka kikafanana. Ile njegere yenyewe nikaitupa kwenye ndoo ya mifupa pale bucha. Asubuhi likapita gari la watu wanaosaga chakula cha kuku. Nikamwambia Mpole kimoyomoyo, haya, nenda ukawe wazi huko.

Nilitaka nini? Ukinibana nitakwambia. Nilitaka azoee mfupa wa uongo, ashindwe, arudi nyumbani. Nilitaka anishike mimi.

Yeye hakugundua, maana jioni hizo mbili alikuwa anakimbizana na kurasa za moyo na mapafu. Na jioni ile ndiyo akanituma. "Nipelekee Mpole stoo ya chuo kabla hawajafunga. Wakihesabu wakaona ametimia, wanakupa kadi yangu ya kuingilia mtihani kesho. Bila kadi siingii, baba watoto. Mshike vizuri." Alisema hivyo huku anapiga pasi gauni lake jeupe. Alikuwa ameshalipiga pasi asubuhi. Alilirudia tu kwa raha.

Lile gauni lilinikaa rohoni njia nzima.

Nyuma ya chuo kuna kichochoro, upande huu ukuta, upande huu ukuta, taa moja mwishoni. Nikaingia. Kocho... kocho... kocho.

Katikati ya kichochoro kopo likanyamaza.

Nilikuwa bado natembea. Nikalitikisa. Kimya. Kama mtu kayashika ya ndani kwa kiganja.

Halafu ikaja harufu. Wewe huwezi kuijua, lakini mimi naijua kuliko jina langu. Ni ile harufu ya mfupa msumeno unapopita, kama nywele zinazoungua. Hapakuwa na msumeno pale.

"Mume mwenzangu," sauti ikasema nyuma yangu. "Habari za jioni?"

Nywele zilinisimama mpaka za miguuni.

Alikuwa mwanaume mrefu, kavaa koti. Mkono wa kulia wa koti umekunjwa, umebanwa kwa pini. Uso wake sikuuona. Namaanisha niliutazama, taa ipo, na bado sikuuona.

Wengine wangekimbia. Mimi nilibaki. Miguu ilikataa, lakini andika kwamba nilibaki.

"Nani mume mwenzako?" nikauliza. Nilikusudia kunguruma. Ilitoka kama kifaranga.

"Humo ndani mna ishirini na sita yangu," akanong'ona. "Na mmoja wa mbuzi."

"Mimi... sijui habari za..."

"Ana vidole vya joto, mkeo. Miaka yote niliyokaa humo, hakuna aliyenishika vile." Akakaribia. Hakuwa na sauti ya nyayo. "Njegere yangu iko wapi?"

Nikamwambia. Sikuweza kudanganya, ulimi ulijisemea wenyewe. Ndoo. Gari. Kuku.

Nilisikia moyo wangu ukinigonga masikioni. Mke wangu alinieleza kwamba sauti ile ni ya milango ya moyo kujifunga, mlango baada ya mlango. Ndivyo ilivyosikika. Kama mtu anafunga nyumba akiondoka.

"Mtunza stoo ana macho," akasema hatimaye. "Wa mbuzi atauona. Mkeo atakosa kadi. Kesho gauni litabaki limetundikwa. Ndivyo unavyotaka?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema ndiyo. Si ndicho nilichokitaka? Lakini nikaliona lile gauni, na yeye akilirudia kola kwa ncha ya pasi, anaimba kwa pua.

"Hapana," nikasema.

"Basi nipe mkono, tuagane."

Nikampa wa kulia. Kwa mazoea tu, kama unavyompa mtu yeyote. Na kutoka kwenye ule mkono wa koti uliobanwa pini kikatoka kitu kikanipokea. Kikavu. Kina pembepembe. Kikanipapasa kifundo, taratibu, kama mtu anayechagua.

Tak!

Sauti ya paja la kuku likitenguliwa. Haikuuma. Ndiyo iliyonitisha, kwamba haikuuma.

Nilipofumbua macho nilikuwa peke yangu. Ngozi nzima, hakuna hata mkwaruzo. Na mkononi, kopo... kocho, kocho.

Mtunza stoo ni mama mmoja asiyejua kucheka. Alimwaga mifupa kwenye trei, akahesabu kwa ncha ya kalamu. Mdogo wa mwisho akauinua kwenye taa.

"Ishirini na saba," akasema. "Imetimia. Ila mwambie mkeo asioshe mifupa halafu akairudisha bila kuikausha."

"Ameosha?"

"Huu mdogo una unyevunyevu." Akajifuta vidole kwenye koti lake. Pakabaki alama nyekundu hafifu. Hakuiona. Akanipa kadi.

Mke wangu alifaulu, tena akawa wa pili darasa zima. Kesho yake jioni akaja akirukaruka kama msichana, akanikamata mkono wa kulia, akafumba macho. "Tulia, nikuonyeshe nilivyojibu! Kumbe hata kwenye minofu inawezekana. Mtumbwi, huu hapa. Mwezi mwandamo. Pembetatu. Na nje..."

Akabonyeza tena. Akaviringisha. Tabasamu likamtoka usoni polepole, kama maji yanayokauka juu ya jiwe.

"Baba watoto," akanong'ona. "Huu si wa mtu."

Nikamwambia niliumia zamani bucha, mfupa ukajiunga vibaya. Akaitikia. Kwa mdomo tu. Tulikwenda kupiga picha ya mkono, na mpiga picha akasema njegere yangu ina umbo la ajabu kidogo, lakini watu huzaliwa na mengi. Akaturudisha nyumbani na dawa ya kuchua. Kwa hiyo hakuna la ajabu, unaona. Mtu anaweza kulala na maelezo hayo.

Mimi nilikuwa nayalalia vizuri tu, mpaka muhula mpya ulipoanza.

Ilikuwa baada ya kula. Tumekaa, yeye anasoma, mimi namsimulia habari ya yule fahali. Mara nikahisi vidole. Kwenye kifundo, upande wa kidole cha mwisho. Vidole vya joto, vyembamba, vinanigeuza huku na huku. Nikatazama mkono wangu. Ulikuwa umelala mezani peke yake.

"Una nini?" mke wangu akauliza.

Kabla sijajibu alishanishika mshipa, macho kwenye saa ya ukutani, anahesabu mapigo dakika nzima kama walivyofundishwa. "Mia na kumi na nane. Na umekaa tu." Akabonyeza ile njegere isiyo ya mtu, akanitazama. "Wanafunzi wapya wamegawiwa mifupa leo."

Nikajaribu kuuvuta mkono.

"Mpole kapewa msichana," akasema. "Nimemwona. Mzuri." Akauachia mkono wangu. Na jicho alilonitazama nalo nililitambua, maana ndilo nililokuwa nikilitazamia lile kopo.

Sasa ni kila jioni. Yeye hukaa upande wa pili wa meza, hasomi, ananiangalia ninavyosisimka. "Kaanza?" ananiuliza. "Anakushika vizuri?" Nikisema sisikii kitu, ananihesabu mapigo, na mapigo hayajui kuficha. Nimemwomba anishike yeye, kila siku namwomba. Anasema hawezi kushika mkono wa watu.

Na hilo ningelivumilia. Ninavumilia mengi, mimi ni Shoka. Lakini yule msichana akimaliza kusoma nasikia kifuniko kikigonga bati, giza linanijia kifundoni, na nashukuru kwamba limekwisha.

Ndipo mwingine ananishika.

Huyu hana joto. Ananiviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, kama mke wangu alivyokuwa akimfanyia yeye.

"Na huyo wa sasa," mke wangu ananiuliza kutoka ng'ambo ya meza, kidole kwenye mshipa wangu, "ni nani?"